Mchungaji Wetu na Maji ya Ubatizo

Mgeni rasmi, Baba Askofu, karibu kwetu. Sisi wazee na waumini wa kanisa hili tumefurahi kukuona, ingawa ukitutazama vizuri utaona hatujatulia. Tutakayosema leo hayajawahi kutoka nje ya kanisa hili.

TULIKOTOKA

Mchungaji wetu alifika hapa miaka thelathini na moja iliyopita, na baiskeli moja na mke mgonjwa. Alianza kuhubiri kwenye karakana ya seremala, watu wakikalia mbao zisizopigwa randa. Ametuozesha, ametuzikia wazazi. Kisima cha ubatizo kilicho nyuma ya kanisa alikichimba mwenyewe, mikono ikamtoka malengelenge.

MAFANIKIO

Tuna kwaya mbili na paa lisilovuja. Waliobatizwa na mikono yake ni zaidi ya mia nane.

CHANGAMOTO

Baba Askofu, mwaka jana alikwama katikati ya Sala ya Bwana. Tukaimalizia kwa sauti, tukasema ni uchovu. Kisha akamwita mjane kwa jina la marehemu mumewe. Tukalificha na hilo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nasi kidogo kituumbue.

Jumapili ya ubatizo uliopita, fundi cherehani wetu, mama wa watoto watatu, aliingia kisimani. Mchungaji akamzamisha kwa jina la Baba, na la Mwana. Hapo akasita, macho yakaganda ukutani, na mikono ikabaki palepale, imemkandamiza. Kwaya ikaendelea kuimba. Mama wa watu alidhani ndivyo ubatizo ulivyo, akavumilia. Pumzi ilipomwishia akaanza kurusha miguu. Mchungaji akatugeukia, akauliza kwa upole, "Huyu ni nani?"

Mzee wetu mmoja, fundi bomba, alirukia majini na viatu vyake, akamwopoa. Mama alitapika maji, akahema, kisha akasema, "Baba, umenisahau huku chini."

Mchungaji alilia mbele yetu sote.

Baada ya risala hii, watu kumi na wawili wataingia kisima hichohicho. Wamekaa pale, wamevaa nyeupe. Mmoja ni binti mkubwa wa fundi cherehani. Asubuhi, mama akimfunga kitambaa kichwani, binti alimuuliza, "Mama, akinizamisha, nihesabu mpaka ngapi ndipo nianze kupambana?" Mama alikaza fundo tu.

MAOMBI

Tunaomba mchungaji msaidizi. Tunaomba pia usituondolee huyu mzee. Mwache akae nasi, atubariki, hata akitusahau majina tutamtajia. Na kwa leo, Baba, tunakuomba uvue joho uingie naye majini.

Hatumsengenyi. Jana mchana tulimsomea karatasi hii ofisini kwake. Msomaji alikuwa fundi cherehani. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nipe kalamu, mwanangu." Akaongeza maneno haya kwa mkono wake, nasi tunayasoma kama yalivyo:

"Baba Askofu, wanasema kweli. Naiogopa mikono yangu mwenyewe. Nishike."

Mungu aliyekufikisha salama akuongoze kushuka zile ngazi tatu za kisima, na awatoe wote kumi na wawili wakipumua.

Ni sisi,
Wazee na waumini wa kanisa lako.