Uvimbe wa Mzee Lai: Kumuaga Daktari Chiu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, madaktari na wauguzi wenzangu, familia ya Daktari Chiu Yueh-chin anayestaafu leo, ndugu wageni waalikwa, nawasalimu nyote.

Nimemshikia Daktari Chiu vyombo vya upasuaji kwa miaka kumi na tisa. Sikuja kumsifu kwa maneno matamu. Yeye mwenyewe hayapendi. Nimekuja kuwasimulia habari za Mzee Lai Chin-tu, mkaanga chai wa kule milimani Lugu.

Mzee Lai alifika kwetu tundu la kulia la pua likiwa limeziba miaka miwili. Kwingine walimpa dawa za mzio, chupa baada ya chupa. Daktari Chiu akaingiza kamera nyembamba, akaona kinundu laini, cha rangi ya kijivu, juu kabisa.

Mzee akauliza, "Ni saratani ile iliyomuua kaka yangu?"

"Sijui bado, Mzee. Tutapiga picha kwanza, ndipo nikate kipande. Uvimbe wenye damu nyingi haukatwi kwa kubahatisha."

Majibu yalipotoka, haikuwa saratani. Ulikuwa uvimbe ulioota kwenye neva, adimu mno. Hapa hakuna aliyewahi kuutoa. Daktari mmoja mkubwa akashauri uso upasuliwe. Daktari Chiu akamjibu kwa heshima, "Uvimbe huu hauui, mwalimu wangu. Kwa nini tumharibie uso?" Je, ni wangapi kati yetu tungethubutu?

Aliufuata kwa kupitia puani. Saa ya nne ya upasuaji damu ikafunika kamera. Akaweka pamba, akaukandamiza, akaniambia, "Dada Hsu, tazama saa. Dakika kumi. Hakuna anayetukimbiza." Nikatazama saa hadi dakika kumi zikatimia. Damu ikakoma, naye akautoa mzima, kama kokwa ya tunda la lichi.

Uwezo wa kunusa upande wa kulia haukurudi, na Daktari hakuwahi kumwahidi kwamba ungerudi. Mzee alipokuja na kopo la chai tukamuuliza hali. "Tundu moja linanusa, jingine linapumua tu," akasema. "Yamegawana kazi, kama mimi na mke wangu."

Ndugu zangu, yako mafaili kumi na manne ya wagonjwa wa uvimbe wa puani, wanaopaswa kuchunguzwa kila mwaka. Daktari amekuwa akiwapigia simu mwenyewe. Kuanzia Jumatatu tutawapigia sisi, na asiyepokea tutamfuata kwake, hata kama ni mlimani. Daktari, nenda ukapumzike.

Nawashukuru kwa utulivu wenu. Asanteni sana kwa kunipa sikio.