Siku Nilipofungua Dawa Kwenye Mizani

Bwana asifiwe! Wa nyuma huko sijawasikia. Bwana asifiwe sana! Wazee wangu, shikamooni. Naitwa Kabula, mpakiaji wa mizigo kivukoni Kamanga. Ukiona mwanamke ana gunia la dagaa kichwani na bado anauliza la pili liko wapi, ndiye mimi.

Ndugu zangu, nimezaliwa kanisani, lakini kiunoni nilikuwa kwingine. Mnajua kwetu Usukumani: ngoma zikishindana, kila upande una dawa yake. Babu yangu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na hakuwahi kuingia uwanjani bila kuandaliwa kwa dawa. Basi nilipochaguliwa kunyanyua vyuma kwenye michezo ya kanda hapa Mwanza, mama yangu mzazi hakuuliza nimefanya mazoezi kiasi gani. Aliuliza, "Umeandaliwa?"

Akanipeleka kwa mganga. Nikafungwa kifuko cha ngozi kiunoni, kizito, ndani sijui mna nini. Nikaonywa: ukikifungua kabla shindano halijaisha, mikono yako itakauka. Ndugu zangu, mikono hii ndiyo shamba langu, ndiyo ng'ombe wangu! Nikakivaa. Jumapili nikaimba nacho kwaya, joho juu, dawa chini. Aibu tupu!

Sasa sikilizeni. Kabla ya kushindana ni lazima upimwe. Ukizidi uzito wa kundi lako hata kidogo, huchezi. Nilikuwa sijala tangu jana yake, hata mate natema ili nipungue. Nikapanda mizani nikiwa na nguo za ndani tu. Nimezidi! Si kwa kilo, kwa gramu chache tu. Nikawaomba waninyoe nywele. Wakaninyoa. Bado nimezidi!

Mama aliyesimamia mizani akanitazama kiunoni. "Na hicho, dada?"

Nikasema, "Hicho hakitoki."

"Basi na wewe huingii. Una dakika tano."

Nilikaa kwenye benchi nikalia, kipara kinang'aa. Niliogopa, ndugu zangu, siwafichi. Nikiondoka, miezi yote ya mazoezi imekwenda na maji. Nikifungua, nitawabebea nini watoto wangu kwa mikono iliyokauka? Nikaomba, na sala yenyewe ilikuwa fupi: "Yesu, mikono hii ulinipa wewe. Ukitaka ikauke, ikauke mbele yako." Nikafungua fundo kwa kucha, nikakiacha kifuko sakafuni. Nikapanda mizani. Nimepita!

Mnadhani nilipaa kama malaika? Wapi! Kila mtu ana nafasi tatu za kunyanyua chuma kwa mkupuo mmoja hadi juu ya kichwa. Ya kwanza, chuma kikaniangukia nyuma. Ya pili, kikafika usawa wa macho, nikakiachia. Moyoni nikasema, haya, mikono ndiyo hiyo inakauka. Kocha wangu, mwalimu wa Butimba, akaja karibu. "Kabula, mikono haina shida. Unasahau kuvuta pumzi."

Ndugu zangu, nilicheka! Nilikuwa namwogopa mganga mpaka nimeacha kupumua! Nikarudi, nikavuta pumzi, nikaita jina la Yesu, nikavuta. Chuma kikapanda. Kikakaa juu! Nilikisimamisha pale hadi waamuzi wakaniruhusu kukishusha, nami natamani nisikishushe.

Nilikuwa wa nne. Hakuna medali ya wa nne, msinipigie makofi bure. Lakini kesho yake nilikuwa kivukoni napakia magunia, na mpaka leo napakia. Hakuna kilichokauka! Nalala vizuri. Nikiimba kwaya, naimba mzima.

Namshukuru Mungu, naishukuru na kwaya, maana nilipokiri mlinikumbatia. Na wewe uliye na chako kiunoni, au umekichimbia mlangoni pa duka, sikusemi vibaya. Najua unaogopa nini. Mwamini Yesu, kifungue.

Mama yangu amekuja leo, amekaa pale kwenye benchi la tatu. Chake amekivaa tangu nikiwa mtoto mgongoni kwake, na asubuhi hii ameniambia anataka kukivua, ila miguu inagoma. Mama, simama tu. Ukishindwa kutembea, nakuja kukubeba.