Consolatha Mhoja, Mkutubi Aliyesubiri Gazeti Stesheni

Padri, wafiwa, majirani na wote mliofika, ukoo huu una watu wenye digrii zao, lakini nimeteuliwa mimi, dereva bajaji niliyeishia kidato cha pili, kusoma habari za shangazi yangu, wala sishangai, kwa kuwa sauti hii wanaijua kuanzia stendi hadi sokoni.

Shangazi Consolatha alizaliwa tarehe 3 Mei 1962 kule Lusu, wilayani Nzega, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, akaja Tabora kwa sekondari na mafunzo ya ukutubi, na tarehe 1 Julai 1986 akaajiriwa katika maktaba ndogo ya jumuiya ya wafanyabiashara, ambako Mzee Badrudin, mwenyekiti, alimkabidhi kabati la nyaraka za serikali, sheria, bajeti na Gazeti la Serikali, lile linalotoa matangazo rasmi, akalitunza kama mtoto wa kwanza. Mwaka 1988 alifunga ndoa na marehemu Mhoja, fundi wa reli, mtu ambaye alikuwa harudishi vitabu, mpaka shangazi akaona njia ya kuvipata ni kuhamia kwake, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 2018 vifurushi vya nyaraka viliacha kuja, yeye akaamini vimekwama njiani, kwa hiyo kila Alhamisi nilimpeleka stesheni akagombane na watu wa mizigo, na kila aliyekuja maktaba kuuliza alijibiwa kwamba gazeti bado halijafika. Agosti 2019 nikachoka, nikafungua simu, na kabla abiria wangu hajamaliza kushuka nikawa nimeona kwamba nyaraka zote zilishahamia kwenye tovuti, na tangazo la kutuarifu hivyo nalo limewekwa huko huko kwenye tovuti. Mimi nilicheka, shangazi hakucheka, maana alimkumbuka Mzee Bundala wa Igalula, aliyekuja zaidi ya mara moja kuulizia tangazo la mipaka ya msitu wa hifadhi, akarudishwa mikono mitupu, muda wa pingamizi ukapita, na shamba lake likaingia hifadhini.

Tangu hapo shangazi alijifunza kompyuta kwa kidole kimoja, nami nikimtania kwamba kuku anadonoa haraka kuliko yeye, akawa anapakua kila tangazo na kulihifadhi, kwa kuwa kurasa za tovuti nazo hutoweka, na yanayohusu vijiji akiyachapa na kuyatuma kwa treni yabandikwe Igalula. Alimsaidia Mzee Bundala kuandika rufaa, na hata alipostaafu mwaka 2022 aliendelea kuifuatilia.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akafariki hospitalini Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, na siku chache kabla aliniambia, “Usinipambe, baba. Sema Bundala alikuja, na mimi nikamjibu bila kuulizia kule gazeti linakotoka.” Nimesema, shangazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala hapa, Mzee Badrudin na wenzake wa maktaba, na wewe, Mzee Bundala, uliyekuja na treni ya jana, ukakataa kiti cha mbele. Asubuhi hii nimeingia kwenye tovuti kabla sijavaa hili shati, jibu la rufaa halijatoka.

Shangazi, lala kwa amani, kuangalia tutaangalia sisi.