Marehemu Mahfoudh bin Muhanna na Maneno Kumi ya Mpira

Assalamu alaykum. Haya ni maisha ya ndugu yetu, Marehemu Mahfoudh bin Muhanna bin Aflah, aliyetutoka Jumapili, tarehe 15 Juni 2025, hapa Maskati. Yamepigwa chapa, mmeyakuta kando ya tende na kahawa, na yanasomwa leo, siku ya tatu ya azaa, yaani matanga, nyumbani kwake Wattaya. Mlango wa kati umeachwa wazi ili wanawake nao wasikie. Nimeyaandika mimi Kheiria, dada yake mkubwa. Skuli nilitoka darasa la sita, lakini kukumbuka hakutaki cheti. Kwa kuwa macho yangu hayawezi tena kusoma mbele za watu, nimempa kijana asome kwa niaba yangu.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Septemba 1950, mtaa wa Malindi, Unguja, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Muhanna bin Aflah na Bi Ghadeer. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, na siku hiyo naikumbuka vizuri, kwa sababu nyumba nzima ilikwenda kumtazama yeye na mimi nikasahauliwa chai mpaka adhuhuri.

Alisoma skuli ya msingi hapo hapo Unguja. Alikuwa na mwandiko mzuri na miguu mibaya. Mechi ya kweli alicheza moja tu maishani mwake, mwaka 1962, darasa la tano na la sita. Alifunga bao moja, zuri sana, kwenye goli la kwao. Tangu siku hiyo akaona kazi yake si kucheza, ni kukaa pembeni na kuwaeleza wanaocheza makosa yao. Mwaka 1964 tulihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikomalizia masomo ya sekondari.

Maskati tulifika mwezi wa Agosti 1972. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo Marehemu alianza kazi serikalini, idara ya maji, ofisi ya Ruwi. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni kwa mwalimu wa Kurani: kusoma anasoma, kuomba kalamu hawezi. Siku ya kwanza aliomba kiti kwa maneno ya khutba ya Ijumaa, ofisi nzima ikacheka. Basi hakufungua mdomo tena kwa miezi minane, akawa anaitikia kwa kichwa tu. Mkubwa wake akaandika kwamba huyu ni mtu wa busara, anayejua kutunza siri, akampandisha cheo. Alikaa pale miaka thelathini na minane, na Kiarabu akaja kukijua kuliko waliomcheka. Lakini kicheko kile hakukisahau.

Alifunga ndoa na Bi Sabah binti Hamdan wa Hamriya, Ijumaa, tarehe 14 Mei 1976. Nikahi ilichelewa saa nzima. Bwana harusi alipatikana kwenye uwanja wa wanafunzi, na joho lake, amesimama kando ya refa kwa sababu refa hakuwa na saa na yeye anayo. Bi Sabah alipopelekewa khabari alisema, "Vizuri. Nimejua mapema." Wakaishi kwa mapenzi miaka arubaini na tisa.

Alipostaafu, mwaka 2010, ndipo alipoanza kazi yake ya pili, kuufuata mpira wa maskuli na vyuo vya upande wetu. Timu kubwa hakuzitaka. Akisema wale wanalipwa na wanajua kujifanya wameumia, lakini watoto wa skuli wakikosa wanakosa kweli. Skuli ya wavulana iko nyuma ya nyumba hii. Kila laasiri alikwenda na kiti chake cha kukunja, chupa ya kahawa, na kalamu mfukoni, akakaa kimya kivulini. Mwalimu Maan, anayefundisha mpira pale, akamdhania mkaguzi kutoka Wizarani. Misimu miwili uwanja ule ulipakwa chokaa kila wiki. Siku alipojua ukweli, mwalimu alimwomba tafadhali aendelee kuja, na kalamu asiisahau, kwani mkuu wa skuli alikuwa bado hajajua.

Dukuduku lake lilikuwa moja. Alikuwa na wajukuu kumi na mmoja, na Aws, mtoto wa binti yangu Fajr, akimhesabu wa kumi na mbili. Wote akiwasemesha Kiswahili, na wote wakimjibu Kiarabu. Aliniambia mara nyingi, "Dada, mimi sitaki kitu. Nataka kabla sijafa mmoja wao anijibu."

Sasa nieleze msimu wake wa mwisho, maana wengi mmeusikia nusu nusu. Oktoba 2024 yalianza mashindano ya skuli na vyuo vya upande wetu, timu nane. Marehemu aliona kwamba nahodha wetu Anas kila akimwambia mwenzake pa kwenda, na adui anasikia. Akamshauri Mwalimu Maan awafundishe vijana maneno kumi ya Kiswahili: mbele, nyuma, kulia, kushoto, piga, tulia, mwache, rudisha, panda, bado. Wiki mbili uwanja ulikuwa kama darasa la kwanza. Piga ikawa "biga" na rudisha ikawa sijui nini, lakini miguu ilielewa. Mimi nilimwambia, "Mahfoudh, Maskati hii imejaa watu wetu. Siri gani hiyo?" Akanijibu kwamba watu wetu ni sisi wazee, na wazee hawachezi mpira. Vijana Kiswahili wamekitupa. Na ushahidi wake ulikuwa wajukuu wake.

Wallahi walishinda. Ruwi mbili bila. Hamriya tatu kwa moja, na huko fundi cherehani mmoja wa Tanga alisimama nje ya waya akacheka mpaka akainama, Marehemu akasema mtu yule anaujua mpira. Vijana wa vyuo, wenye ndevu na vifua, walifungwa na watoto wa skuli wakabaki kutazamana. Kufika Februari ilibaki mechi moja, na atakayeshinda ndiye mwenye kombe, ila sisi hata sare ilitutosha. Adui walikuwa chuo anachosoma Aws. Na golikipa wa chuo hicho ni Aws.

Aws anakaa kwangu Hamriya tangu mdogo. Mimi namwambia leta maji, yeye ananiambia "Zein, bibi," yaani sawa kwa Kiarabu, na maji yanakuja. Namwambia funga dirisha la jikoni vumbi linaingia, linafungwa. Wiki ile nzima Marehemu alikuja kwangu kila laasiri na buskuti zake, akakaa kitako akanieleza mipango yote. Kona, Anas akisema kushoto, Osama mfungaji wao anakwenda kushoto. Ikitokea penalti, Osama hatachagua mwenyewe. Marehemu ataitaja pembe kwa sauti kutoka kwenye kiti chake. Aws alikuwa hatua tatu kutoka tulipo, kainamia simu. Mimi nikamtazama Aws. Aws akaitazama simu. Nikamimina kahawa. Ndugu ni ndugu, lakini na mjukuu ni mjukuu, na mimi nlijinyamazia. Nakiri mbele yenu.

Alhamisi, tarehe 20 Februari 2025, tulikwenda. Mimi na Fajr tulikuwa garini, nyuma ya goli la Aws, vioo vimeteremshwa. Chuo walitangulia kwa bao moja. Dakika ya mwisho refa akawapa skuli penalti. Osama akauweka mpira. Marehemu akasimama. Miaka kumi na minne hakuna aliyepata kumwona akisimama mechi haijesha. Akapaza sauti, "Kulia, mwanangu. Kulia." Osama akapiga kulia kwake, ambako kwa Aws ni kushoto, na Aws alikuwa keshafika anausubiri. Akaukumbatia, akainuka na mchanga usoni, akamgeukia mzee, akamwambia kwa Kiswahili, uwanja mzima unasikia, "Nimesikia, babu."

Marehemu alikunja kiti akaondoka, salamu hakunipa. Siku kumi na saba hakukanyaga kwangu, jambo ambalo halijapata kutokea tangu azaliwe. Nikajua nimempotezea kombe na nimempoteza yeye. Tarehe 9 Ramadhani akaja kufuturu bila kualikwa. Hakula ila tende tatu. Akamuuliza Aws, "Tangu lini?"

"Siku zote, babu."

"Na hunijibu kwa nini?"

Aws akasema, taratibu, anatafuta maneno, "Nilipokuwa na miaka sita nilisema neno vibaya mbele ya wageni. Ukacheka. Ukaniambia niseme tena, wakacheka na wao. Nikaona bora ninyamaze."

Ndugu yangu yule, aliyenyamaza miezi minane Ruwi kwa sababu ya kiti, alimsogelea Aws. Kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua?"

"Nlijua."

"Basi wewe ndiye uliyenifunga, si yeye." Akavuta sahani ya sambusa, akala saba. Bi Sabah alinisimulia kwamba zile siku kumi na saba hazikuwa za hasira. Alikuwa akizunguka nyumbani anasema peke yake, "Nimesikia, babu," na anatikisa kichwa kama mtu aliyechukua kombe.

Maradhi yake yalikuwa ya moyo. Alianza kudhoofika baada ya Idi ndogo, na tarehe 8 Juni, siku mbili baada ya Idi kubwa, alilazwa. Aws alikwenda kila siku, wakazungumza Kiswahili tangu wakati wa kutazama wagonjwa unaanza mpaka wanatolewa. Mwalimu Maan alikuja na Osama, na Osama akasema, "Bole, babu." Marehemu hakucheka. Alimjibu, "Nimeshapoa, mwanangu." Alifariki saa mbili asubuhi, akazikwa siku ile ile baada ya laasiri, na skuli na chuo walibeba jeneza pamoja bila ya kugombana.

Ameacha mke, Bi Sabah. Watoto watatu, Hamdan, Badr na Ghadeer aliyechukua jina la mama yetu. Wajukuu kumi na mmoja, na mmoja wa kuhesabiwa. Mimi dada yake. Na kiti cha kukunja, ambacho Mwalimu Maan amekiomba kibaki uwanjani mahali pake.

Wasia aliniachia mmoja. Alitaka maneno haya yasomwe kwa Kiswahili, na asome Aws. Ndiye huyu mnayemsikia tangu mwanzo. Na kama kuna neno amelikosea, Marehemu amesema asicheke mtu.

Mwenyezi Mungu amlaze penye nafasi na kivuli, na amani iwe jirani yake. Amin.