Mama Ryoba na Jiwe la Mama Yake

Leo, Jumamosi tarehe 30 Novemba 1957, Mama Nyangi Werema, ambaye sote tunamwita Mama Ryoba, anastaafu baada ya miaka ishirini na mitano katika jiko la zahanati yetu ya misheni, hapa Tarime. Mimi, Hezekia Machage, mpishi mwenzake, nimeombwa niandike maneno machache. Machache juu ya mama huyu? Jamani, mnanionea!

Alikuja mwaka 1932 kutoka Genkuru na jiwe la kusagia alilorithi kwa mama yake, limebebwa na wanaume wawili walionung'unika njia nzima. Zahanati haikuwa na jiwe la maana, akatuazima lake kwa muda tu. Muda huo ndio unakwisha leo.

Wagonjwa wetu hunywa uji wa wimbi, na uji mzuri huanzia kwenye uso wa jiwe. Jiwe likitumika sana hulainika, wimbi likawa linateleza tu. Hapo Mama Ryoba huligongagonga kwa jiwe jeupe gumu mpaka lipate meno tena, kisha husaga pumba za kuku kwanza ili chembe za mawe zitoke zote. Wenzake walikwenda Matongo kutafuta dhahabu. Yeye alikwenda kuokota mawe meupe waliyotupa wachimbaji, na ndiye aliyerudi anacheka.

Mwaka 1951 tulitarajia mgeni mkubwa wa misheni. Wasichana wa usafi, kwa mapenzi yao yote, wakalisugua jiwe kwa mchanga wakalipaka samli mpaka likang'aa. Kwao kitu cha heshima ni lazima kipakwe samli! Asubuhi wimbi likatoka zima kama lilivyoingia, na mgeni akautafuna uji kwa adabu. Sisi tulitamani ardhi itumeze. Mama Ryoba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalikandika jiwe majivu ya moto na pumba, akayabadilisha kila yaliponyonya mafuta, hadi likakauka, ndipo akaanza kuligonga upya. Wasichana hakuwagombeza, aliwapa mawe meupe mkononi wajifunze. Mmoja wao ni Gati Kisyeri, mpishi wetu wa leo.

Mama huyu alipaswa kupumzika miaka miwili iliyopita. Alitamani sana kurudi Genkuru na jiwe la mama yake awasagie wajukuu, lakini moyo ulimkatalia kuwaachia wagonjwa uji wenye mchanga wa jiwe lisilozoeleka. Alisema ataliondoa siku atakayokunywa uji wa jiwe lingine na ulimi wake usilalamike. Gati akachonga jiwe jipya. Mama akaonja uji wake, akatoka nje kistaarabu kwenda kutema. Gati akachonga tena. Mama akatoka tena. Gati alilia, na mimi nusura nilie naye.

Kwa hiyo mmeona mama anastaafu leo lakini jiwe amesema libaki.

Sasa sikiliza, Mama Ryoba. Uji uliokunywa leo asubuhi, ukasifu, ukaomba uongezewe, Gati ameusaga kwenye jiwe alilochonga mwenyewe. Wewe hukuligusa hata kwa kidole. Lile la mama yako tumelifunga kwenye gari la ng'ombe, liko hapo mlangoni linakusubiri.

Asante sana, mama yetu. Nenda nyumbani kwa raha, wajukuu wanenepe, na ukipita Tarime uingie unywe uji.