Boti Isiyo Punda Wala Farasi

Kivuko cha Cameron, kule Louisiana, kilikuwa hakijafika katikati ya mfereji pale mzee mmoja mwenye buti za mpira alipoanza kuizunguka boti mpya ya Alcide, iliyokuwa kwenye trela nyuma ya pikapu, kama mnunuzi wa ng'ombe. Verna, mke wa Alcide, alibaki ndani ya pikapu, dirisha wazi, akisikiliza. Boti ya kuvulia kamba aliyoachiwa na marehemu baba yake ndiyo iliyouzwa ili hii ipatikane.

"Ya kupelekea wageni kuvua?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, mzee wangu," Alcide alijibu. "Asubuhi kinamasini kwa samaki wekundu, mchana nje kidogo baharini."

"Basi umenunua nyumbu, bwana! Si punda, si farasi. Huko nje mawimbi yatawaogesha wageni wako."

"Bahari ikichafuka narudi. Na mizigo habebi nyumbu?"

Mzee akacheka, akalipiga kofi tumbo la boti. "Inaelea maji ya wapi?"

"Ya gotini tu."

Mzee akainama, akalipima tumbo la boti kwa viganja.

"Mimi ninaye farasi, boti ya bahari kuu," alisema. "Juzi upepo wa kaskazini uliyasukuma maji yote ya kinamasi baharini. Nikakwama juu ya tope na wageni wanne, madaktari, wananitazama tu, mpaka maji yalipoamua kurudi."

Kivuko kikagusa gati. Mzee akakimbilia gari lake, kisha akageuka. "Bado ni nyumbu! Lakini Jumamosi una nafasi? Upepo ule unarudi, na wageni ninao."

Alcide akaanza kujikuna kidevu. Verna akapiga honi.

"Anayo!" alipaza sauti dirishani. "Jumamosi anayo!"