Mzee Nusu Saa Anatoka kwa Miguu Yake

Inatangazwa kwa watumishi wote kwamba kuanzia Ijumaa, tarehe 30, kile kiti cha mbao cha masjala kitakuwa wazi. Anayekikalia, karani wetu wa mafaili, anastaafu siku hiyo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi.

Alianza kama tarishi, akapanda hadi mkuu wa masjala, na muda wote huo hakupoteza faili hata moja. Yaliyopotea yalipotelea kwa mabosi.

Miaka mitatu iliyopita nusura tumuage mapema. Maumivu yalimshika takoni, yakateremka nyuma ya paja hadi kidole gumba cha mguu, kama shoti ya umeme. Alikanda mguu kwa kila mafuta yaliyouzwa dukani, wapi. Sisi, kwa huruma, tukafanya kosa letu: mafaili yanayoulizwa sana tukayahamishia karibu na kiti chake, asisumbuke kuinuka. Akakaa kutwa. Mwezi haukuisha, akawa anakuja kazini na fimbo, na barua ya kumstaafisha kwa maradhi ikawa inasubiri saini. Yeye alikuwa na ombi moja tu: siku yake ikifika, atoke getini kwa miguu yake.

Aliyemfungua macho ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa rika la kitindamimba wake. "Mzee wangu, mguu umeusingizia bure," alimwambia. "Mshipa wa fahamu unabanwa huku kiunoni. Mguu unapiga kelele tu." Akamwagiza atembee kila siku, anyooshe nyonga taratibu, aimarishe misuli ya tumbo na mgongo, asikae zaidi ya nusu saa. Zoezi likizidisha maumivu, apunguze. Ganzi ikimshika mapajani au mkojo ukigoma, akimbilie hospitali.

Akarudi, akayapeleka mafaili yale yale rafu ya mwisho, mwisho wa korido. Kila nusu saa akainuka, faili liwe limeulizwa au halikuulizwa. Ndipo jina likamganda. Dereva akawa anamtania, "Mzee, umekalia siafu?" Yeye akaendelea kuhesabu hatua. Mwezi wa nne wa mazoezi, fimbo ikabaki nyumbani. Barua ile, bila saini, aliihifadhi mwenyewe failini.

Ahsante, Mzee Nusu Saa, kwa mafaili na kwa somo. Tunakuombea njia ndefu na kiuno chepesi. Ijumaa saa nane tutakusindikiza hadi getini, wewe ukiwa mbele.

Zawadi yako tumeshainunua. Ni kiti cha kuegemea.